NANI ALIYEKULETA?

Twaomba mtuvumilie katika maneno haya, maana si matamu, nayo yatupasa sisi wenyewe kabla ya kuwapasa watu wengine.

Siku ya kutahiniwa madereva hapa mjini, mtu akisimama asubuhi kando ya barabara kuu ataona jambo ambalo sote tumelizoea hata hatulioni tena. Motokaa na pikipiki zaja kutoka njia ya Magugu, na ya Bonga, na ya Dareda, na katika nyingi yumo mtu mmoja tu, naye ndiye mwanafunzi. Yuaja peke yake, akiendesha, ili aulizwe kama ajua kuendesha. Akifaulu, hurudi kwao akifurahi. Akishindwa, huambiwa kwa upole akajifunze zaidi, aje siku nyingine; naye huwasha motokaa ile ile na kurudi alikotoka, peke yake vile vile, mbele ya macho ya wote waliokwisha kusikia kwamba hajui.

Twauliza: akili gani hii? Ikiwa mtu huyu aweza kuaminiwa peke yake barabarani, mtihani ni wa nini? Na ikiwa hawezi kuaminiwa mpaka atahiniwe, ni nani aliyemwamini asubuhi ile? Mambo haya mawili hayawezi kuwa kweli pamoja.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 yataka kila aendeshaye awe na leseni. Leseni ya kujifunzia, ambayo watu huiita lena, haimpi mtu ruhusa ya dereva kamili. Yampa ruhusa ya kujifunza, na mwenye leseni kamili awe ameketi ubavuni pake, tayari kumwonya na kumsaidia, na herufi L ionekane mbele na nyuma ili wengine wajihadhari. Mwanafunzi ajaye peke yake amevunja sheria kabla ya kuulizwa swali la kwanza juu ya sheria. Kisha huulizwa maana ya alama za barabarani, naye hujibu vizuri!

Hatuandiki haya kama watu wasio na hatia. Tusikilizeni. Katika ofisi moja, ambayo hatutaitaja, palikuwa na kijana mwenzetu aliyekuwa akijifunza udereva. Alikuwa mtu mwema na mwenye bidii, na sote tulimpenda. Siku yake ya mtihani ilipofika, mmoja wetu aliyezoea kuketi naye alikuwa na kazi nyingi, na wa pili alikuwa safarini. Tukasema, "Njia si ndefu, naye amekwisha kuijua. Mpeni ufunguo." Tukampa.

Jioni alirudi na habari njema kwamba amefaulu. Tulinunua soda, tukampongeza. Hata tulipokuwa tukinywa alinyamaza kidogo, kisha akatueleza kwamba asubuhi, katika njia ya Magugu, alikuwa akimpita mtu mwenye baisikeli aliyepakia gunia la mchele. Lori likaja kwa mbele, naye akashtuka, akarudi upande wa kushoto kabla ya wakati. Mwenye baisikeli akaanguka, mkono ukavunjika. Kijana wetu alisimama, alimwomba radhi, akampa fedha alizokuwa nazo, akamtafutia pikipiki ya kumpeleka hospitali. Kisha akaja mjini akafika kabla jina lake halijaitwa. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alirudi nyuma vizuri, akapanda kilima vizuri, akafaulu.

Tangu siku ile tumefikiri sana. Tungemlaumu kijana, lakini ufunguo ulitoka mikononi mwetu. Kama mmoja wetu angalikuwa ameketi pale, angalimwambia, "Ngoja, usipite sasa," maneno matatu tu, na mtu yule angalifika sokoni na mchele wake. Hatukukosa fedha, wala hatukukosa mtu mwenye leseni. Tulikosa asubuhi moja ya kazi, nasi tuliona asubuhi ile ni ya thamani kuliko mkono wa mtu tusiyemjua.

Sasa na tuzitazame sababu ambazo watu huzitoa, maana ni haki kuzijibu.

Ya kwanza, watu husema kwamba gharama ni kubwa. Ni kweli. Lena hudumu miezi 3 tu, na tangu mwaka 2019 leseni ya motokaa ni shilingi 70,000 kwa miaka 5; na mwalimu naye ataka ujira wake na chakula chake. Lakini mtu aliyeweza kupata motokaa na mafuta ya kuifikisha Babati hawezi kutuambia kwamba kilichomshinda ni kumpata rafiki mmoja. Na akimwumiza mtu, bima huuliza kwanza habari za leseni. Hapo ndipo atakapojua gharama ni nini.

Ya pili, husema kwamba mwanafunzi anayekwenda kutahiniwa amekwisha kujua. Wengi wamekwisha kujua, hatubishi. Lakini ni yupi aliyejua na ni yupi asiyejua, ndilo jambo ambalo mtihani umewekwa ulitafute. Tena siku ile ndiyo siku mbaya kupita zote: moyo wadunda, usingizi haukuwapo, na macho yatazama saa kuliko barabara. Siku hiyo hasa ndiyo siku ya kuwa na mtu mzima ubavuni.

Ya tatu ndiyo yenye nguvu, nayo ni ya pikipiki. Pikipiki haina kiti cha ubavuni. Tangu kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu pikipiki kuchukua abiria kwa leseni ya biashara hiyo, vijana wengi wamepata riziki yao kwa bodaboda, na wengi walianza kubeba watu kabla ya kushika leseni. Hatuwachukii, twapanda pikipiki zao kila siku. Lakini dawa ya jambo hili ni rahisi: mwenye leseni na aiendeshe pikipiki mpaka mahali pa mtihani, na mwanafunzi akae nyuma, baada ya mtihani warudi vile vile. Huko Uingereza, tangu mwaka 1990, mwanafunzi wa pikipiki hupewa kwanza mafunzo ya msingi mahali palipotengwa na magari, ndipo aruhusiwe barabarani peke yake, wala haruhusiwi kupakia abiria mpaka ashinde mtihani. Hapa kwetu abiria hupakiwa kwanza, na mtihani hufuata.

Wengine watasema kwamba twataka mambo ya Ulaya. La, huko Ulaya nako walikosea, na makosa yao yatufundisha. Katika Ayalandi, mpaka mwaka 2008, mwanafunzi wa motokaa aliyekuwa na leseni ya muda ya mara ya pili aliruhusiwa kuendesha peke yake. Serikali yao ilipotangaza mwaka 2007 kwamba ruhusa hiyo yakoma, watu walilalamika sana, kwa kuwa wengi walikuwa wakingoja mitihani, hata wakapewa muda mpaka mwisho wa Juni 2008. Bado wengine waliendelea kwa siri. Basi mwaka 2018 sheria ikamgeukia mwenye motokaa: amwachaye mwanafunzi aendeshe motokaa yake peke yake, yeye naye ana hatia, na motokaa yaweza kushikwa. Na Uingereza, mafuta yalipopungua kwa ajili ya vita vya Suez, wanafunzi waliruhusiwa kuendesha bila msimamizi tangu Novemba 1956 mpaka Aprili 1957. Lakini hiyo ilikuwa ruhusa iliyotangazwa, yenye mwanzo na mwisho. Yetu haina tangazo, haina mwisho. Ni kufumba macho tu.

Na kufumba macho katika Babati ni hatari kuliko zamani. Mji wetu u katika njia panda. Barabara yatoka Arusha, nyingine yaenda Singida, na ile ya Dodoma ilifunguliwa rasmi mwaka 2018 ikiwa na lami yote. Tulishangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Lakini lami huondoa vumbi na kuongeza mwendo. Haimwondoi mtoto wa shule, wala mkokoteni wa punda, wala ng'ombe wavukao kwenda majini. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kwamba watu 1,190,000 walikufa barabarani katika mwaka 2021 ulimwenguni kote, na kwamba ajali hizi ndizo ziuazo zaidi watoto na vijana wa miaka 5 hata 29. Huo ndio umri wa wanafunzi wetu wa udereva, na wa wadogo zao.

Basi twatoa mashauri matatu. Kwanza, kila mtahini, kabla ya kuita jina, na amuulize mwanafunzi neno moja: "Nani aliyekuleta?" Asiye na jibu asitahiniwe siku ile, wala asirudi na ufunguo. Pili, wenye motokaa wajue kwamba kumpa ufunguo mwanafunzi asiye na msimamizi si wema. Tatu, sisi wa chama hiki wenye leseni tujiandikishe kwa zamu, wawili kila siku ya mtihani, tumsindikize mtumishi mwenzetu asiye na mtu. Wakuu wa ofisi nao watupe ruhusa ya asubuhi hiyo bila manung'uniko.

Wazee wetu waliokusanyika Tanga mwaka 1922 pamoja na Martin Kayamba, wakaanzisha chama cha watumishi Waafrika, walitaka tuheshimiwe kwa kazi zetu na kwa mwenendo wetu. Twadai haki zetu za mshahara kila mwezi, na ni vema. Lakini mtu adaiye sheria imlinde ofisini hawezi kuivunja barabarani kabla ya saa mbili asubuhi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mkono wa mtu haujengwi kama ukuta.

Mwenye baisikeli tulikwenda kumwamkia. Alitupokea vema kuliko tulivyostahili. Aliuliza tu kama kijana alifaulu. Tulipomjibu kwamba ndiyo, alisema, "Alhamdulillahi," akatazama mkono wake. Hatukuwa na la kusema, nasi ndiyo sababu tumeandika.

Ni sisi wenzenu,
Babati.