Na kambare wa Kerio naye?

Wasee, juzi nimelala saa nane usiku nikitazama klipu za matangi ya samaki. Jamaa wa ng'ambo anaonyesha corydoras, kambare wadogo wa mito ya Amerika Kusini, wanapekua mchanga kwa ndevu zao. Nikapenda, sidanganyi.

Halafu nikajiuliza, kwani sisi hatuna?

Kumbe tuko naye. Mto Kerio, kule bondeni ukishuka kutoka hii baridi yetu ya Timboroa, una kambare wake mdogo: Chiloglanis kerioensis. Alipewa jina hilo rasmi mwaka 2015, na kati ya wataalamu waliompa ni Mkenya, Dkt. Dorothy Wanja Nyingi wa Makavazi ya Kitaifa. Ni samaki wa kufichika kiganjani. Midomo yake imepanuka ikawa kama kikombe chini ya kichwa, na kwa hiyo midomo hung'ang'ania jiwe maji yakipita kwa kasi.

Chuo nilichokiacha mwaka wa pili kilinifundisha Amazon. Kerio sikutajiwa hata siku moja. (Hapana, sikuacha kwa sababu hiyo. Ilikuwa karo.)

Sasa, mabwawa. Arror na Kimwarer yalipangwa kwenye mito inayoingia Kerio. Stori mnaijua: 2019 waziri wa fedha wa wakati huo akashtakiwa, Desemba 2023 korti ikamwachilia. Tumebishana sana kuhusu pesa, na ni haki yetu. Lakini bwawa ni mto uliosimamishwa. Juu yake maji yanatulia na tope linafunika mawe, chini yake maji yanakuja kwa kipimo cha mwenye kufungua. Kwa samaki anayeishi kwa kushika jiwe, hapo ndipo kesi yake ilipo. Na mimi sijawahi kusikia mtu akimtaja, si kwa redio, si kwa matatu.

Sisemi bwawa lisijengwe. Shangazi yangu kule chini bado anachota maji kwa punda, nataka apate mfereji. Nasema kabla ya tingatinga, mtu aingie mtoni na wavu aone nani anaishi humo, na majibu yasomwe kwa baraza la chifu, kwa lugha inayoeleweka.

Jambo lingine ni jina. Hilo la kisayansi nyanya yangu hawezi kulitamka. Kama unatoka Tot au Kimwarer na wazee wenu wana jina lake, nitumie. Video ni Ijumaa.