Mtindi, tumbo na nusu ya ushauri wa Ayurveda

Mama mmoja alinijia na mwanawe wa miezi tisa aliyekuwa akiharisha kwa siku ya pili. Nilipomuuliza amempa nini, akanijibu, "Mtindi na asali, dokta. Nimesikia ndiyo tiba ya Wahindi, Ayurveda, inatuliza tumbo." ORS hakuwa amempa, zinki pia hakuwa amempa. Kwa bahati nzuri mtoto alikuwa bado ananyonya vizuri na hali yake haikuwa mbaya.

Nimekuwa nikikutana na ushauri huo mara nyingi siku hizi: kula bakuli la mtindi kila usiku kabla ya kulala, tumbo litakaa sawa. Kinachonishangaza ni kwamba Ayurveda yenyewe haisemi hivyo.

Ayurveda ni tiba ya asili ya India yenye historia ndefu sana. Katika Charaka Samhita, mojawapo ya vitabu vyake vikuu, mtindi huitwa dadhi. Unasifiwa kwamba unaleta hamu ya kula na kuujenga mwili, lakini pia unahesabiwa kuwa chakula kizito, chenye kuleta joto na kuongeza makohozi. Ndiyo maana umewekewa masharti: usiliwe usiku, usipashwe moto, na usiliwe mtupu bali pamoja na kitu kingine kama choroko, samli, sukari au asali. Kinachosifiwa zaidi kwa tumbo ni takra, yaani mtindi uliotiwa maji, ukapigwapigwa na kuondolewa siagi. Waganga wa Ayurveda husema kinywaji hicho huamsha agni, moto unaomeng'enya chakula.

Watu wa Gujarat hukiita chaas na hukinywa na chakula cha mchana. Familia nyingi za Kihindi hapa Afrika Mashariki zina asili ya huko, kwa hiyo huenda jirani yako anakitengeneza kila siku. Chukua mtindi kikombe kimoja na maji vikombe vitatu hivi, piga mpaka pafanye povu, tia chumvi kidogo na bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa. Mwenye shinikizo la damu aiache chumvi. (Wahindi wenyewe hawafuati kila sharti. Watu wa Tamil Nadu hula wali kwa mtindi hata usiku, na Wagujarati wana mchuzi wa mtindi unaopikwa jikoni.)

Mimi nayapima masharti hayo moja moja. La kutopasha moto nalikubali, kwa kuwa joto kali huua bakteria hai, na hao ndio faida kubwa ya mtindi. Husaidia kuimeng'enya laktosi, sukari ya maziwa, na ndiyo maana mtu anayejaa gesi akinywa maziwa freshi mara nyingi huvumilia mtindi. La usiku sioni sababu ya kumzuia mtu mzima mwenye afya. Ila anayesumbuliwa na kiungulia asilale mara tu baada ya kula, awe amekula mtindi au ugali.

La asali ndilo linalonitia hofu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, kwani inaweza kubeba vijimbegu vya bakteria ambavyo vikikua katika utumbo wake hutoa sumu inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Kitabu cha kale kilichoandika kuhusu mtindi na asali hakikuwa kinamzungumzia mtoto wa miezi tisa.

Jambo jingine ni maji. Ukiuongeza mtindi maji yasiyochemshwa, umejitengenezea njia ya kuharisha. Maziwa nayo yachemshwe kabla ya kugandishwa, maana maziwa mabichi yanaweza kuleta brusela na kifua kikuu, na kuganda peke yake hakuondoi hatari hiyo.

Mtoto aliyefikisha miezi sita anaweza kula mtindi safi usiotiwa sukari kama sehemu ya mlo wake, hata akiwa anaharisha. Lakini dawa yake ni ORS, zinki kwa siku 10 hadi 14 na kuendelea kunyonya. Ndivyo nilivyomwambia yule mama. Alinisikiliza, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo huo mtindi uliobaki nyumbani niumwage?" Nikamwambia hapana, aunywe yeye.

Macho ya mtoto yakibonyea, akishindwa kunyonya, akilegea, akitapika kila kitu au ukiona damu kwenye choo, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, ukimpa ORS njiani. Mtu mzima anayepungua uzito, anayetoa choo chenye damu au cheusi kama lami, au aliyebadilika choo kwa wiki kadhaa, naye aende akapimwe.