Goma na Bukavu: Simu imekuwa benki, na wezi wanapiga kwa jina la servisi ya wateja

Simu inalia saa nne ya asubuhi, wakati mama muuzaji ana wateja mbele ya meza yake sokoni. Namba haijulikani, lakini sauti ni ya upole na ya heshima: «Jambo mama. Hapa ni servisi ya wateja. Namba yako itafungwa leo saa sita kwa sababu faili yako haijakamilika. Usikate simu, tunaimaliza pamoja.»

Kisha mama anaelekezwa hatua kwa hatua. Abonyeze nyota, namba fulani, halafu diezi. Achague 1. Aandike «namba ya usajili», yenye tarakimu kumi. Aandike «namba ya faili», ambayo ni 185000. Mwishoni aweke namba yake ya siri, «ili mashine ihakikishe kama ni wewe mwenyewe». Dakika haijaisha, ujumbe unaingia: ametuma franka 185 000 kwa mtu asiyemjua.

«Namba ya usajili» ilikuwa namba ya simu ya mwizi. «Namba ya faili» ilikuwa kiasi cha makuta. Zaidi ya dola 60 zimekwenda, na mama mwenyewe ndiye aliyezituma.

Huo ni mfano wa kawaida wa wizi wa kwenye simu, na unaonyesha jambo ambalo wakaaji wengi hawalifikirii. Mara nyingi mwizi havunji mitambo ya kampuni, wala hahitaji kuambiwa namba ya siri. Anachohitaji ni mwenye simu afanye kazi hiyo kwa niaba yake bila kujua anachofanya. Ndiyo maana onyo la «usimpe mtu namba yako ya siri», ingawa ni la kweli, halitoshi tena. Mama wa sokoni hakumwambia mtu namba yake. Aliiandika kwenye simu yake mwenyewe.

Kwa nini hatari imeongezeka

Huduma za kutuma makuta kwa simu, kama M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, ziko nchini Congo kwa zaidi ya miaka kumi. Lakini tangu M23 ilipouteka mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu mwezi wa Februari, benki zilifunga milango na simu ikachukua nafasi yake. Mishahara, mtaji wa duka, karo ya watoto na msaada wa ndugu walio Kinshasa au Ulaya vilianza kupita kwenye simu.

Pesa taslimu nazo zilikuwa haba, na kamisheni ya kutolea makuta kwenye kabine ikapanda. Kwa hiyo wengi waliona afadhali kuyaacha kwenye simu mpaka siku ya haja. Mwizi anafaidika na hali hiyo: akimpata mtu leo, huenda akakuta akiba yote ya nyumba, si nauli ya moto peke yake.

Kuna sababu nyingine. Vitisho kuhusu kufungwa kwa namba vinasikika kama kweli kwa sababu watu wamezoea kukatwa pesa au kuwekewa masharti bila maelezo ya kutosha. Kodi ya RAM ilikatwa kwenye unite za wateja tangu 2020 hadi ilipoondolewa 2022, na wengi hawakuelewa walikuwa wakilipia nini. Mtu aliyewahi kuona unite zake zikipungua hivyo hashangai akiambiwa kwamba faili yake ina kasoro.

Sura nyingi, mchezo mmoja

Hadithi hubadilika kulingana na anayepigiwa. Kijana anaambiwa amechaguliwa kupata simu ya kisasa kwa mkataba wa kulipa kidogo kidogo kila mwezi, lakini kwanza atume pesa ya kufungua faili. Akishatuma, zinaombwa za usafiri, kisha za forodha. Simu haifiki, na hakuna mkataba wowote aliotia sahihi.

Mkimbizi wa ndani anaambiwa jina lake limeonekana kwenye liste ya msaada, na alipe kidogo ili lisifutwe. Mwenye kutafuta kazi anapigiwa na «ofisi» inayodai ada ya kuchunguza faili yake. Mwenye kabine anaombwa atume makuta haraka kwa mteja mkubwa ambaye «yuko njiani anakuja kulipa».

Kuna pia ujumbe wa kudanganya. Mtu anapokea SMS inayosema ameingiziwa franka 90 000. Baada ya muda mfupi anapigiwa: «Papa, nisamehe, nilikosea namba, hizo ni pesa za dawa ya mtoto. Nirudishie tafadhali.» Mwenye moyo mwema anarudisha, na anatuma makuta yake mwenyewe, kwa sababu hakuna kilichowahi kuingia. SMS ile iliandikwa na mwizi kwa mkono wake, ikafanana na ujumbe wa kampuni.

Sura nyingine haigusi makuta moja kwa moja. Mpigaji anaomba ubonyeze *21* ikifuatwa na namba ya simu, halafu diezi, eti «kwa kuboresha mtandao». Hiyo ni alama ya kuhamisha simu zako zote ziende kwa namba ile. Akifaulu, mwizi anaweza kuomba WhatsApp imsomee kwa sauti tarakimu sita za kuingilia akaunti yako, na simu hiyo inamfikia yeye. Baada ya hapo ndugu na marafiki wanaanza kuombwa makuta kwa jina lako na picha yako.

Tukiziweka pamoja, hadithi hizi zina mambo matatu yanayofanana. Yeye ndiye aliyekutafuta, si wewe. Kuna haraka, iwe namba itafungwa, nafasi itapotea au mtoto ni mgonjwa. Na kuna tendo unaloombwa kulifanya wakati bado mnaongea. Lugha si alama ya kutegemea, kwa sababu wengine huongea Kifaransa cha ofisini, wengine Lingala, wengine Kiswahili cha mtaani. Kutajwa jina lako nako si ushahidi: huduma hizi huonyesha jina la mpokeaji kwa mtu yeyote anayeanza kumtumia makuta.

Kukata simu ndiyo kinga ya kwanza

Kwa kuwa nguvu ya mwizi iko katika mazungumzo, dawa ni kuyakatisha. Anayeambiwa faili yake ina kasoro akate, kisha apige yeye mwenyewe namba ya servisi ya wateja ya kampuni yake, au aende kwenye ofisi yao na kadi ya mpiga kura. Ikiwa kasoro ni ya kweli, itakuwa bado iko pale saa moja baadaye. Asirudi kupiga namba ile iliyompigia.

Kuhusu SMS ya makuta, kinachoaminika ni salio peke yake. Fungua menyu ya huduma yako na uangalie kiasi kilichopo kabla ya kumjibu mtu yeyote. Ikiwa makuta yameingia kweli kwa makosa, mwambie aliyekosea apitie kampuni yake ili iyarudishe. Usiyatume mwenyewe.

Kabla ya kuweka namba ya siri, soma maneno yaliyo kwenye kioo. Huduma hizi kwa kawaida huonyesha kiasi na anayepokea kabla ya kuthibitisha. Mzee asiyeona vizuri au asiyesoma Kifaransa amwombe mtu wa nyumbani amsomee, badala ya kumpa simu na namba ya siri kijana wa kabine. Desturi hiyo ya kusaidiwa imeenea, na inafungua mlango wa wizi mwingine usio na haja hata ya kupiga simu.

Anayehofia kwamba simu zake zimehamishwa abonyeze *#21# ili aangalie, na ##002# ili afute. Kwenye WhatsApp, kuwasha uthibitisho wa hatua mbili kunaongeza namba ya siri ambayo tarakimu sita peke yake haziwezi kuipita.

Kwa aliyekwisha ibiwa, dakika za kwanza ndizo zenye thamani. Makuta yakiwa bado kwenye akaunti ya mpokeaji, kampuni inaweza kuyazuia. Yakitolewa kwenye kabine, kuyapata ni vigumu sana. Apige servisi ya wateja palepale, atunze SMS yenye namba ya muamala bila kuifuta, na abadilishe namba yake ya siri.

Mzigo si wa raia peke yake

Sheria ipo. Kifungu cha 98 cha sheria ya makosa ya jinai kinamwadhibu kwa kifungo cha miezi mitatu hadi miaka mitano anayejipatia mali ya mwingine kwa jina la uongo au kwa cheo asichokuwa nacho. Kujifanya mtumishi wa kampuni ya simu kunaingia humo waziwazi. Tangu Machi 2023 nchi ina pia sheria ya mambo ya kidijitali, inayohusu makosa yanayofanywa kwa njia ya mitandao.

Pengo liko katika kumpata mhusika. SIM zinapouzwa barabarani zikiwa zimekwisha sajiliwa kwa jina la mtu mwingine, namba ya mwizi inaongoza kwa raia asiyejua lolote. Katika miji ya Goma na Bukavu, ambako kazi ya mahakama za serikali ilivurugwa na vita, anayeibiwa franka 185 000 haoni ni wapi atapeleka malalamiko. Makampuni, kwa upande wao, yanaweza kufanya zaidi ya kutuma SMS za onyo kwa Kifaransa: kuonya kwa Kiswahili, kwa sauti, na kufupisha njia ya kuzuia muamala unaolalamikiwa.

Kuna jambo moja ambalo halingoji serikali wala kampuni. Walioibiwa mara nyingi hunyamaza kwa aibu, kwa sababu jirani atasema walikuwa wajinga au wenye tamaa. Lakini mama wa sokoni hakutafuta zawadi yoyote. Aliogopa kupoteza namba ambayo ndiyo benki yake. Akiwaeleza wenzake wa meza za jirani jioni hiyohiyo, namba na maneno aliyoambiwa, mpigaji huyo akirudi kesho atakuta soko zima limekwisha sikia hadithi yake.