Duka la aiskrimu Paje: Bei ya chini si silaha ya mtaji mdogo

PAJE, Kusini Unguja, kijiji ambacho kinamama wake walianza kulima mwani wa biashara mwaka 1989, sasa kimejaa hoteli na migahawa inayogombea mteja yule yule. Mjasiriamali anayefungua duka dogo la aiskrimu la kujihudumia, ambako mteja hujipakulia, huongeza matunda na kulipa kwa uzito, hutamani vyote kwa mpigo: bei nafuu, ubora, uharaka na ladha nyingi. Kwa mtaji mdogo, vyote haviwezekani. Lazima achague kipi kitangulie.

Wengi hukimbilia kupunguza bei, na hapo ndipo penye hatari. Chukua mfano wa duka linalouza kilo 15 kwa siku, sh. 20,000 kila kilo, huku malighafi ikigharimu sh. 10,000. Hubakiwa na sh. 150,000 kabla ya kulipa pango, umeme na mishahara. Likipunguza bei kwa asilimia 10, ziada ya kila kilo hushuka hadi sh. 8,000. Ili lirudi pale lilipokuwa, ni lazima liuze karibu kilo 19, yaani robo zaidi. Wateja hao watatoka wapi wakati wa masika, Aprili na Mei, wageni wanapopungua? Aidha, vita ya bei huwapendelea wenye viwanda, ambao hununua maziwa na sukari kwa jumla.

Kipaumbele cha kwanza, basi, kiwe uhakika wa ubaridi na usafi. Mchanganyiko wa maziwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 5 au chini yake. Ukishapata joto kwa saa nyingi, kuugandisha tena hakuui vijidudu. Unguja hupata umeme kutoka Bara kwa kebo ya baharini, na wafanyabiashara hawajasahau giza la mwaka 2008, wala lile la takriban miezi 3 lililoanza Desemba 2009. Kebo ya megawati 100 iliyozinduliwa mwaka 2013 ilileta nafuu kubwa. Hata hivyo, saa chache tu za kukatika umeme zinatosha kuharibu mali ya siku nzima. Kwa hiyo jenereta ndogo ni bora kuliko mashine ya pili. Vilevile, kwa kuwa wateja wote hushika vijiko vile vile vya kupakulia, mfanyakazi aliyepunguziwa kazi ya kuhudumia apewe kazi ya kusafisha.

Kipaumbele cha pili ni ladha ya Unguja. Ardhi ya Paje ni ya mawe, hivyo matunda mengi hutoka mashamba ya kati na magharibi ya kisiwa. Ladha tatu zinazofuata msimu, kama embe, pasheni na nanasi lenye iliki, hazina upotevu mkubwa kama ladha kumi zinazobaki jioni. Hapa mkulima naye ana nafasi: embe lililoiva mno kwa meza ya hoteli bado linafaa kusagwa. Lakini duka litahitaji makubaliano naye ya siku, kilo na bei, si kusubiri bahati ya sokoni.

Bei ije mwisho. Mgeni aliyeugua tumbo hatarudi hata akipunguziwa nusu, na mwenye duka hatakuwa na cha kumlipa mkulima wake.