Maana ya Maneno: Kuendeleza na Kueleza

Katika Kiingereza mna msemo usikikao sana maofisini na mahakamani: "spell it out". Mtu aambiwapo hivyo haulizwi herufi za neno. Atakiwa aseme jambo lake wazi, hatua kwa hatua, asiache lolote la kukisiwa. Lakini shuleni "spell" ni kuendeleza neno, yaani kutaja herufi zake moja moja, na yafaa kuuliza jinsi kazi ya watoto wa darasa la kwanza ilivyopanda cheo ikawa kazi ya mawakili.

Neno hilo ni la kale. Waingereza wa zamani waliita "spell" masimulizi au maneno yoyote, na masalio yake yamo katika "gospel", ambalo hapo kwanza lilikuwa "godspell", habari njema. Maana ya kuendeleza ilipitia Kifaransa cha kale, nayo yatoka katika shina lile lile la kunena. Baadaye ikawa ni kusoma kwa taabu, kidole juu ya ukurasa, herufi baada ya herufi. Matumizi ya leo, ya kueleza jambo kinaganaga, yalienea kutoka Marekani katika karne ya 20. Basi msemo huu umebeba sura ya mtu aliye mgeni wa kusoma, ambaye haruki herufi kwa sababu hawezi kuruka.

Kiswahili kina picha nyingine. Kueleza ni kukifanya kitu kielee. Jambo gumu limezama, mwenye kueleza hulipandisha juu ya maji hata likaonekana, na msikilizaji husema, "Limenielea." Kuelewa nako ni tawi la mti uo huo. Ni neno la watu wa bahari, lakini limekaa vizuri hata Muthetheni, katika nchi kavu ya Machakos, ambako wazee wengi hawakupata kuona jahazi. Wakamba walikuwa wakishuka Mombasa na pembe za ndovu katika karne ya 19, na lugha ya pwani si ngeni kwao.

Tofauti ya picha hizi mbili huonekana siku ya kuuza shamba. Mzee asiyejua kusoma huletewa mapatano yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Mjukuu wake aliye shuleni husoma yote pasipo kukosea: "subject to the consent of the Land Control Board".

"Ndiyo kusema nini, mjukuu wangu?"

"Babu, yasema ni kwa kutegemea ridhaa ya Bodi ya Usimamizi wa Ardhi."

Kila neno limetafsiriwa, na hakuna kilichoelea.

Kilichozama ndani ya maneno hayo tisa ni hiki. Kwa sheria ya mwaka 1967, shamba lililo chini ya usimamizi huo haliuzwi kwa mapatano ya watu wawili tu. Hapana budi Bodi iridhie, na maombi hupelekwa katika muda wa miezi 6 tangu mapatano kufanywa, ila mahakama ikiongeza muda. Pasipo ridhaa hiyo, sheria yayaita mapatano batili, na mnunuzi aweza kudai fedha alizolipa kama deni. Mara nyingi wakati huo fedha zimekwisha kuwa karo na mabati, na mzee hana pa kuzitoa.

Kijana hana lawama. Alifundishwa kusoma, hakufundishwa sheria. Wa kulaumiwa ni yule aliyeandika mapatano, akayasoma mbiombio, kisha akasogeza wino wa dole gumba. Haraka ya namna hiyo huwa na mtu anayefaidika nayo.

Sheria ya viapo haikuyachanganya mambo haya. Katika hati ya kiapo ya mtu asiyejua kusoma huthibitishwa mawili: ya kwamba alisomewa, na ya kwamba alionekana kuelewa. La kwanza lahitaji macho na sauti tu. Kwa la pili, karani mwangalifu humwomba mzee alirudie jambo lile kwa Kikamba, kwa maneno yake mwenyewe, kabla wino haujafunguliwa.