Mtoto Akilia Kisaju, Nani Atapiga 116?

Ukitoka Kitengela kwa barabara ya Namanga, mji haukatiki ghafla. Hupungua kidogo kidogo. Maghorofa yanaachia nyumba za mawe, nyumba za mawe zinaachia vyumba vya mabati na ploti zilizozungushiwa seng'enge, hadi mbuzi wanakuwa wengi kuliko magari. Hapo katikati, kabla ya kufika Isinya, ndipo Kisaju. Kuta na nguzo za huku ni kitabu cha simu: namba ya dalali wa ploti za hamsini kwa mia, ya lori la maji, ya gari la kunyonya choo, ya mganga anayejigamba kumrudisha mpenzi aliyetoroka. Mpangaji mpya huzihifadhi upesi, maana mwenye lori la maji asipopigiwa simu, mtungi unalala mkavu.

Namba moja ni nadra kuiona kwenye kuta hizo, nayo ni fupi kuliko zote: 116.

Hiyo ndiyo namba ya kitaifa ya kuwasaidia watoto nchini Kenya. Inaendeshwa na shirika la Childline Kenya kwa ushirikiano na idara ya serikali inayosimamia huduma za watoto, na imekuwa ikipokea simu tangu mwaka wa 2006, usiku na mchana. Haikati hata senti, kwa hiyo simu isiyo na krediti inaipata. Anayepiga anaweza kulificha jina lake. Hatakiwi pia kuwa na ushahidi mkononi, na hili ndilo wengi wasilolijua.

Wakazi wengi hukwama papo hapo penye ushahidi. Tuseme ni ploti ya vyumba kumi vya kupanga, ukuta mmoja kati ya jirani na jirani. Saa nne usiku mtoto wa chumba cha saba analia, si kilio cha njaa wala cha usingizi, na sauti ya mtu mzima inamwambia anyamaze. Asubuhi yuko mlangoni na sweta la mikono mirefu juani. Mama wa chumba cha sita ameona, mama mboga ameona, keateka ameona. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata za ploti hiyo ni tatu. Kila mmoja anangoja apate uhakika kwanza. Lakini uhakika ni kazi ya afisa wa watoto, daktari na mpelelezi. Kazi ya jirani ni kusema alichokiona na alichokisikia, basi.

Sheria iko upande wake. Sheria ya Watoto ya 2022 inamruhusu mtu yeyote mwenye sababu ya msingi ya kuamini kwamba mtoto anahitaji ulinzi kutoa taarifa kwa afisa aliyeidhinishwa. Kinachotakiwa ni sababu ya kuamini. Kwa walimu, kamba imekazwa zaidi: waraka wa Tume ya Kuwaajiri Walimu wa mwaka wa 2010 unawataka waripoti ndani ya saa 24 wanapojua au kushuku kwamba mwanafunzi amedhulumiwa kingono, na anayeficha anajiweka katika hatari ya kuadhibiwa. Kuhusu ukeketaji, sheria ya mwaka wa 2011 haikumwachia mtu yeyote nafasi ya kuchagua. Anayejua kwamba msichana amekeketwa au atakeketwa, kisha akanyamaza, naye ametenda kosa.

Mbona basi kimya kinatanda? Kaunti ya Kajiado, ambamo Kisaju imo, ina vimya viwili, na havifanani.

Cha kwanza ni cha wageni. Sensa ya 2009 iliihesabia Kitengela watu wapatao 58,000. Ile ya 2019 ilikuta zaidi ya 154,000. Mji ulioongezeka karibu mara tatu kwa miaka kumi ni mji wa watu wasiojuana. Wamekuja kufuata viwanda vya Athi River, mashamba ya maua na kodi iliyo nafuu kuliko ya Nairobi, na wimbi hilo sasa limefika Kisaju. Hapa shangazi hayuko wa kubisha hodi akauliza mbona mtoto amekonda. Nyanya yuko Kisii, Machakos au Siaya. Jirani hajui hata jina la baba wa chumba cha saba, sembuse kumkanya. Anaona kuingilia ni ukosefu wa adabu.

Cha pili ni cha wenyeji, na chenyewe hutokana na kujuana mno. Bomani kila mtu ni ndugu wa mtu. Msichana akinajisiwa na jamaa, wazee hukaa, ng'ombe au mbuzi hutajwa, na mambo yanaitwa yamekwisha. Kumbe hayawezi kwisha hivyo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 haikuwapa wazee wala wazazi mamlaka ya kuifuta kesi ya aina hiyo. Uamuzi wa kuisimamisha sasa uko mikononi mwa ofisi ya mashtaka ya umma. Sheria hiyo haimhurumii mkosaji pia: aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake anakabiliwa na kifungo cha maisha.

Na asidhani mtu kwamba kuwakinga watoto ni jambo lililoletwa Kajiado na wageni. Miaka mingi kabla ya 116, Priscilla Nangurai, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya wasichana ya AIC mjini Kajiado, aliigeuza shule hiyo kuwa kimbilio la wasichana waliotoroka ndoa za mapema. Wakati huo miguu ya msichana ndiyo iliyokuwa simu, na mlango wa mwalimu ndio uliokuwa upande wa pili wa laini. Nice Nailantei Leng'ete wa Kimana, huko huko Kajiado, amesimulia mara nyingi jinsi alivyokimbia kisu cha ukeketaji akiwa mtoto na kujificha juu ya mti. Babu yake ndiye hatimaye aliyekubali aachwe. Mwaka wa 2018 jarida la Time la Marekani lilimtaja miongoni mwa watu 100 wenye ushawishi mkubwa zaidi duniani. Kinga ya Leng'ete ilitoka ndani ya boma, kwa mzee aliyekubali kumsikiliza mtoto.

Wanaosita kupiga simu wana hoja zao, na zinastahili kujibiwa. Ya kwanza ni fitina. Kwenye ploti watu hugombana kwa sababu ya kamba ya nguo, tokeni za umeme, zamu ya kuosha choo. Kesho mmoja atamsingizia mwenzake kwamba anamtesa mtoto. Inaweza kutokea. Ndiyo maana simu haimfungi mtu. Mshauri anayeipokea huuliza: mtoto ana umri gani, yuko wapi sasa, usiku huu yuko salama, nani mwingine yumo nyumbani. Kisha taarifa humwendea afisa wa watoto wa kaunti ndogo, au polisi ikiwa hatari ipo mlangoni. Afisa huchunguza kabla ya kuamua. Fitina hufa haraka mbele ya maswali ya mtu aliyefunzwa kuliko inavyokufa kwenye umbea wa mahali pa kuteka maji.

Hoja ya pili ni kwamba mtoto atachukuliwa apelekwe makao ya watoto. Hofu hiyo ina mizizi, kwa kuwa kwa miaka mingi makao ndiyo yaliyokuwa jibu la kila shida. Lakini mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi, uliopangwa kutekelezwa kati ya 2022 na 2032, unaelekea upande mwingine: mtoto abaki kwao au kwa jamaa inapowezekana, na familia ndiyo isaidiwe.

Neno hilo, familia isaidiwe, ndilo linalosahaulika kila 116 inapotajwa. Watu huiona kama namba ya kumshtaki mtu. Kumbe mzazi mwenyewe anaweza kuipiga. Mama anayerauka saa kumi na moja alfajiri kuwahi zamu kwenye shamba la maua, akamwachia mtoto wa miaka miwili dada yake wa miaka tisa, anajua hajamwacha mahali salama. Hana pengine pa kumwacha. Baba aliyefutwa kazi, anayeona mkono wake ukizidi kuwa mzito kila jioni, hahitaji pingu kwanza. Anahitaji mtu wa kuzungumza naye kabla ya jioni ya kesho. Washauri wa 116 huzungumza na wazazi pia.

Mzazi huyo amelelewa na methali isemayo mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na wengi wameisoma methali hiyo kama ruhusa ya fimbo. Shuleni fimbo ilipigwa marufuku mwaka wa 2001, na Katiba ya 2010, ibara ya 53, inamlinda mtoto dhidi ya ukatili wa kila namna. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2019 ulipowauliza vijana wa miaka 18 hadi 24 kuhusu utoto wao, karibu nusu ya wasichana na zaidi ya nusu ya wavulana walisema walitendewa ukatili kabla ya kutimiza miaka 18. Wavulana waliwazidi wasichana, jambo la kukumbukwa na kila anayedhani hii ni habari ya mabinti peke yao.

Mtoto akishanajisiwa, saa ndiyo adui. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Kwa hiyo hospitali kwanza, kabla ya kuoga, na nguo alizovaa zifungwe kwenye karatasi au mfuko wa khaki, kwa kuwa mfuko wa plastiki huozesha ushahidi. Fomu ya P3 ya polisi hailipiwi. Familia inayokaa siku nne ikishauriana na wazee imepoteza dawa na ushahidi kwa pamoja.

Ila kumlaumu jirani na mzazi peke yao ni rahisi mno. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mshauri anapokea simu Nairobi, lakini anayetakiwa kubisha mlango wa chumba cha saba yuko huku, na si siri kwamba maafisa wa watoto ni wachache, wana eneo kubwa, na mara nyingi hawana gari. Polisi nao wamewahi kukemewa: mwaka wa 2013, tarehe 27 Mei, Mahakama Kuu iliyoketi Meru iliwapa ushindi wasichana waliolalamika kwamba walinajisiwa na polisi hawakuchunguza ipasavyo. Wengine walikuwa wameambiwa walete mashahidi wao au pesa za mafuta ya gari. Mahakama ilisema uzembe huo ulivunja haki zao za kikatiba. Mkazi wa Kisaju anayeombwa nauli ya polisi anapaswa kuijua hukumu hiyo kama anavyoijua nauli ya kwenda Kitengela.

Madai kwa serikali basi ni mawili, nayo si makubwa. Serikali kuu, ambayo huduma za watoto ziko chini yake, impe afisa wa watoto wa eneo hili usafiri na mafuta, na ihakikishe aliyetoa taarifa anaambiwa kwamba imefika, maana mtu akipiga mara moja asisikie lolote, hapigi tena. Serikali ya kaunti nayo imepewa na Jedwali la Nne la Katiba jukumu la vituo vya kulelea watoto. Ijenge vya umma karibu na mashamba ya maua na kwenye barabara hii, ili dada wa miaka tisa aende shule.

Yaliyobaki hayahitaji bajeti. Chifu anaweza kuitaja namba hiyo kwenye kila baraza, kwa Kiswahili na kwa Kimaa. Waendeshaji bodaboda wanaweza kuibandika kwenye kofia. Na keateka wa ploti ya vyumba kumi, ambaye jua la Kisaju humlazimu kupaka upya namba ya lori la maji kwenye geti, ana nafasi chini yake ya tarakimu tatu zaidi. Aziandike kubwa, tena ziwe chini kiasi, mahali ambapo mtoto wa chumba cha saba, aliyeanza juzi kusoma namba gredi ya kwanza, atazisoma mwenyewe.