Safari Bila Swali

Husemwa kwamba atembeaye sana huona mengi. Mimi nakataa: yawezekana mtu kutembea sana, naye akarudi kipofu. Tajiri huenda India, akaongozwa kundini kutoka jumba hadi ngome. Mwanafunzi wa Kimulot hupelekwa Mombasa kuitazama Ngome ya Yesu. Wote wawili humsikiliza kiongozi, hupiga picha, kisha huondoka. Je, waliuliza neno?

Wareno walianza kuijenga ngome ile mwaka wa 1593. Ni nani waliobeba mawe? Tangu 1895 hadi 1958 ilikuwa jela. Walifungwa akina nani, na kwa kosa gani?

Nawe utakaye habari za Mombasa, wazijua za kwenu? Mwaka wa 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ikawatoa katika nchi ya Wakipsigis na kuwapeleka Gwassi. Mashamba ya chai hayakusimulii habari hiyo. Wazee watakusimulia, ukiwauliza kabla hawajaondoka. Basi safari yako ianzie kwao. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuongozwa kama kondoo.